Aliyesema Hataki, Aandikwe

Simu ikilia saa kumi alfajiri, mtu wa Pwani hafikirii biashara, anafikiria msiba. Anapapasa chini ya mto, anafungua meseji moyo ukimdunda, na anachokikuta ni tangazo: viwanja vipo Mapinga, vingine Kerege na Kiromo, vimepimwa, umeme umefika, lipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na miwili, wahi vimebaki vichache. Hajawahi kuulizia kiwanja. Aliyemwandikia hamjui. Anaifuta, anajaribu kurudi kulala, na keshokutwa inakuja nyingine kama hiyo.

Anayeishi kati ya Bunju na Bagamoyo mjini anajua tunachokisema. Tangu makubaliano ya bandari ya Mbegani yatiwe saini mwaka 2013, ardhi ya ukanda huu inanadiwa kwa kila njia, na hata mradi wenyewe ulipokwama wauzaji hawakunyamaza. Mabango yamejaa kandokando ya Barabara ya Bagamoyo. Hayo hayana ugomvi na mtu, ukitaka unasoma, usipotaka unapita. Meseji inakufuata mpaka kitandani, msikitini, kanisani, na kwenye foleni ya zahanati.

Tusichanganye mambo mawili. Kuna meseji za wezi: "ile hela tuma kwenye namba hii", mganga wa utajiri, zawadi uliyoshinda katika mchezo ambao hukuucheza. Kwa hizo njia ipo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imetoa namba 15040; unaipelekea meseji ya tapeli pamoja na namba iliyoituma ili ishughulikiwe. Itumieni. Leo tunawasema watu wa namna nyingine kabisa. Ni wafanyabiashara halali, wana ofisi, wana leseni, wanauza kitu cha kweli, ila wanawaandikia watu wasiowaomba na hawana mahali pa kupokelea neno "sitaki".

Mchukue mama anayekaanga samaki sokoni Bagamoyo. Simu yake ameifunga kwenye pindo la kanga. Inalia. Anajifuta mafuta mkononi, anafungua fundo, anaisogeza mbali kidogo na macho ili aone vizuri: tangazo la kiwanja. Kwenye karai samaki ameshashika upande mmoja. Anamwita kijana anayemsaidia. "Mwanangu, hebu waandikie hawa, waambie mie kiwanja sitaki." Kijana anaandika, anabonyeza kutuma, meseji inagoma. Anajaribu tena. "Mama, haiendi." Haiendi kwa sababu aliyetuma amejificha nyuma ya jina la herufi, halina namba, na jina la namna hiyo halipokei majibu. Mama anaifunga simu kwenye kanga, anageuza samaki. Lalamiko lake limeishia hapo, halikumfikia mtu yeyote mwenye uwezo wa kulifanyia kazi.

Hatua chache kutoka hapo kuna mnada wa samaki. Dalali anataja bei, anazungusha macho, aliyetikisa kichwa anamwacha na kumgeukia mwingine. Hasimami mbele ya mtu mmoja asubuhi nzima akimsukumia changu kifuani. Angefanya hivyo, wenzake wangemkanya, na wanunuzi wangemkwepa. Pale ufukweni kukataa kunaonekana na kunaheshimiwa. Tunataka hivyohivyo kwenye simu.

Hoja yetu ni nyepesi kuisema. Kila lalamiko la tangazo lisiloombwa lazima lirudi kwa aliyetuma, lifike kwenye mstari wa orodha yake wenye namba ya aliyelalamika, na mstari huo ufungwe siku hiyohiyo. Mtumaji akijibu kwamba hawezi kujua ni nani amelalamika katika maelfu aliowaandikia, basi hajafikia kiwango cha kuruhusiwa kuwaandikia maelfu.

Na inawezekana. Wenzetu wa barua pepe wamehangaika na jambo hili kwa miaka mingi kuliko sisi. Tangazo la biashara linalotajwa kuwa la kwanza la aina hiyo lilitumwa Marekani mwezi Mei 1978, mtandao wenyewe ukiwa bado wa watafiti na jeshi. Gary Thuerk, muuzaji wa kompyuta wa kampuni ya DEC, aliwaandikia watu wapatao mia nne kwa mpigo, na waliokasirika hawakukaa kimya. Leo kila mwenye barua pepe anakijua kitufe cha taka. Wengi wanadhani kukibonyeza ni kuitupa barua tu, lakini baadhi ya kampuni, Yahoo ikiwamo, humrudishia mtumaji aliyejiandikisha taarifa kwamba barua yake fulani imelalamikiwa.

Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Taarifa inayorudi mara nyingi huwa imefutwa anwani ya mlalamikaji, ili asije akasumbuliwa kwa kusema. Mtumaji makini hujiandaa mapema: kila nakala anayoituma huipa alama yake, alama moja kwa mtu mmoja, kama namba ya stakabadhi. Nakala ikirudi na lalamiko, anaisoma alama, anafungua orodha, anakuta mstari, anaufunga. Hahitaji kuuliza mtu wala kupiga simu. Mtaalamu wa Marekani, Daniel J. Bernstein, alibuni katika miaka ya tisini namna ya kuiweka alama hiyo kwenye anwani ya kurudishia barua, awali kwa ajili ya kujua barua zipi hazikufika.

Gmail yenyewe haimtajii mtumaji nani amelalamika. Inampa kiwango tu: katika barua zako, waliobonyeza taka ni asilimia fulani. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameongeza masharti. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima aweke kwenye matangazo yake njia ya kujitoa kwa mbonyezo mmoja, na aliyejitoa aondolewe ndani ya siku mbili. Kiwango cha malalamiko kisifike asilimia 0.3, na sharti hilo linamgusa hata mtumaji mdogo.

Asilimia 0.3 ni watu watatu katika elfu. Mwenye hoteli ya ufukweni aifikirie hesabu hiyo. Amewaandikia wageni elfu mbili waliowahi kulala kwake, wengi hawakumbuki hata jina la hoteli, na sita tu wanabonyeza taka. Tayari ameufikia mpaka. Wiki inayofuata mgeni wa Ujerumani ameweka chumba, barua ya kumthibitishia inaangukia kwenye taka, mgeni haioni, anahamia hoteli nyingine. Mwenye hoteli atalaumu msimu mbovu wakati chanzo ni orodha yake mwenyewe, na watu sita ambao angewaondoa mapema wasingemdhuru.

Kuna wanaoogopa neno letu, na wana haki ya kuogopa. Wanasema: mkiwafundisha wafanyabiashara kumtambua aliyelalamika, mnawapa fimbo. Watampigia wamuulize kwa nini. Watamtumia vitisho. Si hofu ya bure. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa sababu ilitumia namba za watu ilizozipata kwa watu wengine na kuwasumbua kwa meseji na simu za vitisho. Mtu hakukopa, hakudhamini, lakini namba yake ilikuwa kwenye simu ya aliyekopa, na hilo likatosha kumvuruga.

Kwa hiyo tunaweka mpaka. Mtumaji aijue namba ya kufunga, basi. Asimpigie aliyekataa, asimwandikie kumuuliza sababu, asimtumie meseji ya "tunasikitika umetuacha". Asiihamishe namba hiyo kwa kampuni dada. Mama wa samaki akisema hataki, hana deni la maelezo kwa mtu yeyote.

Na kufuta peke yake hakutoshi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wale wenye nia njema. Anafuta namba leo, mwezi ujao analetewa orodha mpya na kijana wa masoko, namba ileile imo, na mama anaandikiwa tena. Anaona amedharauliwa, na kweli amedharauliwa. Dawa yake ni kuwa na daftari la waliokataa. Namba ikikataa iandikwe humo, na kila orodha mpya ipitishwe kwenye daftari hilo kabla meseji hata moja haijatoka.

Tuje kwenye chanzo. Namba hizi hazidondoki kutoka mbinguni. Nenda kwenye kibanda cha wakala wa huduma za fedha, popote kati ya Dunda na Zinga. Mezani kuna daftari la mistari, jalada limekunjika pembe, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibwe. Kurasa zimechorwa kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Liko wazi. Anayesubiri zamu yake anaweza kusoma majina ya watu ishirini waliomtangulia, na kiasi walichotoa. Akiwa na simu ya kamera, picha moja inatosha. Nenda tena nyumba ya wageni. Kitabu cha wageni kinauliza jina, kabila, kazi, utokako, uendako, na namba ya simu, na kwa kawaida kimelala kaunta usiku na mchana. Wakati wa tamasha la kila mwaka la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, nyumba hizo hufurika, na kurasa hizo hujaa haraka. Hatusemi kila wakala au mwenye nyumba anauza majina. Tunasema daftari lililo wazi halina mlinzi, na aliyeandika namba yake humo aliitoa kwa ajili ya kupata hela yake au chumba chake cha usiku mmoja.

Mfanyabiashara anayetaka kutuma matangazo angeongeza safu moja tu kwenye orodha yake: namba hii niliipata wapi, lini, na mwenyewe alikubali nini. Lalamiko likirudi, safu hiyo ndiyo inayosema ukweli. Malalamiko matano yakitoka kwenye namba zilizonunuliwa kwa kijana fulani, mzigo wote wa kijana huyo utupwe. Yakitoka kwenye namba za wateja waliojaza fomu dukani, basi fomu yenyewe iangaliwe, pengine maandishi ya ruhusa yalikuwa madogo kiasi cha kutosomeka. Bila safu hiyo mtu anafuta namba moja moja, na ugonjwa unabaki.

Kuna jambo dogo linalosahaulika. Laini ya simu isiyotumika kwa muda mrefu hurudi sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine. Aliyekubali kupokea matangazo miaka mitatu iliyopita huenda si huyu anayelalamika leo. Mtumaji asibishane naye kwa kumwonyesha kwamba "ulikubali mwenyewe". Namba ifungwe, iwe ni ya nani.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kutuma matangazo ya biashara yasiyoombwa, isipokuwa mpokeaji amekubali, mtumaji amejitambulisha na kusema nia yake mwanzoni, na pamewekwa njia ya kukataa yanayofuata. Someni hilo la mwisho mara mbili: njia ya kukataa. Jina la herufi lisilopokea majibu, lisilo na namba ya kupiga wala neno la kutuma, halina njia hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo nayo inagusa ujumbe usioombwa, ila imemlenga anayetuma kwa nia ya kutenda kosa, hivyo muuza viwanja mwenye kelele tu si rahisi kumnasa kwayo. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kumzuia mwingine asitumie taarifa zake kwa matangazo ya biashara. Mama wa samaki ana haki hiyo sawasawa na mkurugenzi aliye Masaki. Anachokosa ni mlango wa kuipitishia.

Tukumbushane pia tulikotoka. Mwaka 2019 wananchi waliambiwa wasajili laini kwa alama za vidole. Walipanga foleni juani, wazee ambao vidole vyao vilikuwa vimesuguliwa na jembe na kamba za jahazi walirudishwa mara mbili mara tatu kwa sababu mashine haikusoma, na muda wa mwisho ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Tulielezwa kwamba kila namba ijulikane ni ya nani. Tukakubali, kwa sababu uhalifu ulikuwa umezidi. Basi na mwenye kutuma meseji laki moja kwa jina la herufi ajulikane vilevile, na aliyemlalamikia amfikie. Haiwezekani mkaanga samaki awe anajulikana mpaka dole gumba, halafu kampuni inayomwamsha alfajiri iwe haina hata namba ya kujibiwa.

Tunaomba TCRA na kampuni za simu zifanye jambo ambalo liko ndani ya uwezo wao. Kila meseji ya tangazo imalizike kwa neno moja la Kiswahili la kukataa, kwa mfano ACHA, na namba fupi ya kulituma bila malipo. Neno hilo likitumwa, mfumo unaopitisha meseji umfungie huyo mtumaji kwa namba ya aliyekataa, bila kumsubiri mtumaji aamue. Aliyekataa apate jibu la mstari mmoja kwamba amesikika. Matangazo ya usiku yasipitishwe kabisa. Mtumaji ambaye waliomkataa wamezidi kiwango asimamishwe mpaka aonyeshe orodha yake aliipata wapi. Google imeweza kuweka kipimo cha watu watatu kwa elfu kwa dunia nzima. Sisi tunaweza kuweka chetu kwa nchi moja.

Tunajua kuna mfanyabiashara mdogo wa Magomeni au Mlingotini atakayesema haya ni ya kampuni kubwa zenye kompyuta. Sivyo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mwenye wateja mia tatu anahitaji daftari la shilingi chache na rula. Upande mmoja namba, upande wa pili ameipata wapi, upande wa tatu amekubali au amekataa. Kabla ya kutuma chochote anapitisha kidole kwenye safu ya tatu. Kazi ya nusu saa. Na wakala afunike daftari lake: karatasi ngumu ya boksi, ikatwe dirisha la mstari mmoja, mteja aone mstari wake tu. Mwenye nyumba ya wageni akiweke kitabu ndani ya droo, akitoe mgeni anapofika.

Madalali wa viwanja tunawaomba kwa namna ya pekee, kwa kuwa wao ndio wanaoongoza kwa kelele katika ukanda huu, na wengi wao ni majirani zetu. Anayetaka kiwanja Zinga atakuja. Ataona bango, atauliza mwenyekiti wa kitongoji, atapiga simu. Asiyetaka mumwache alale.

Nawe msomaji, usiishie kuifuta. Meseji ikiwa ya kitapeli, ipeleke 15040 pamoja na namba iliyoituma. Ikiwa ni tangazo la kampuni halali, iache kwenye simu yako, andika tarehe na saa iliyoingia na jina lililoituma, uiambie kampuni yenyewe kwa maneno haya: nimekataa, nitoeni, na mniambie namba yangu mliipata kwa nani. Wasipojibu, ipeleke kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na kama mama au bibi yako hajui kuandika malalamiko, mwandikie wewe jioni hii.